Ramu Juu ya Paa la Bi Ardelle

Eldon Pitcher alikuwa mtu wa maneno machache, ila kwa kinywaji chake cha Ijumaa alikuwa na maneno mengi kuliko mchungaji. Barafu kwanza, alisema, nayo ijaze bilauri ndefu mpaka shingoni. Kisha tangawizi ya chupa, imiminwe pembeni taratibu isije ikapoteza povu. Kisha kipande cha ndimu, kikamuliwe na kuachwa humo humo. Ramu nyeusi ndiyo ya mwisho, nayo hupitishwa juu ya mgongo wa kijiko ili ielee kama wingu la mvua, halafu ianze kushuka yenyewe, uzi mmoja mmoja, ndani ya ile tangawizi. Ukianza na ramu unapata maji ya matope. Wageni wa hotelini wanakunywa hayo matope na kushukuru, na sisi tunawaacha, maana kila mtu ana haki ya kukosea likizoni kwake.

Kazi yake ilikuwa uashi wa mapaa, hapa hapa St. David's. Kisiwa chetu cha Bermuda hakina mto hata mmoja. Tunakunywa kilichoanguka juu ya paa, kikatelemka mferejini, kikapita bomba na kuingia tangi lililo chini ya sakafu. Ndiyo maana mapaa yetu yote ni ya mawe yaliyopakwa chokaa nyeupe, na ndiyo maana fundi wa mapaa akifanya uzembe, mwenye nyumba huuonja kwenye chai. Eldon hakuwahi kuonjwa kwenye chai ya mtu.

Aliishi katika nyumba ndogo aliyoijenga mwenyewe alipomwoa Merlene, kwenye uwanja wa mama mkwe wake. Nyumba kubwa ilikuwa ya Bi Ardelle Hayward, mjane, mwembamba, mwenye kofia ya ibada kwa kila jambo hata mazishi ya paka. Kati ya nyumba hizo mbili palikuwa na kamba ya kuanikia nguo na migomba michache. Merlene alikuwa amekufa miaka mitatu nyuma, na wale wawili aliowaacha walibaki wakitazamana kupitia hiyo kamba ya nguo. Mkwe ni mkwe hata kisiwani kwetu. Walisalimiana asubuhi, walipelekeana chakula kilichofunikwa, na hawakukaa pamoja baraza moja.

Sasa, Bi Ardelle ndiye aliyekuwa akitengeneza tangawizi bora kuliko zote upande huu. Aliikuna mbichi, akaichemsha na sukari na maganda ya ndimu, akaiacha ipoe, akatia chembe ya hamira, akaijaza kwenye chupa, kila chupa na zabibu kavu moja ndani. Zabibu ikipanda juu, tangawizi iko tayari. Kwamba hamira ikishafanya kazi yake humo chupani huacha kitu kidogo cha kuchangamsha, hilo sisi tulikuwa tukilijua na tukinyamaza, kwa sababu Bi Ardelle alikuwa hanywi pombe. Marehemu Hayward alikunywa mpaka akawa anasahau njia ya nyumbani, na siku moja hakufika kabisa. Siku ya kumzika, mkewe aliweka nadhiri mbele ya kanisa zima kwamba ulimi wake hautagusa kileo, na tangawizi yake haitachanganywa na ramu ya mtu yeyote.

Merlene, Mungu amrehemu, hakuweka nadhiri. Kila Ijumaa aliingia jikoni kwa mama yake kwa mlango wa nyuma, akatoka na chupa chini ya aproni, na mumewe akapata kinywaji ambacho hata gavana hakukipata. Alipokufa, Eldon alianza kununua tangawizi ya dukani. Alifuata utaratibu ule ule, barafu, ndimu, mgongo wa kijiko. Alipomaliza bilauri alikuwa na kiu ile ile aliyoanza nayo.

Basi mwaka huo dhoruba ya masika iliinua mawe mawili matatu ya paa la Bi Ardelle, na maji yakaingia mpaka kitandani kwake. Mwanawe Carlyle, anayeishi Southampton, huko mwisho wa kisiwa, ambako kwetu ni kama kwenda nchi nyingine, alikuja na gari kubwa na sauti kubwa. Alisema mama amezeeka, nyumba imezeeka, na sasa atahamia kwake. Bi Ardelle alimsikiliza mpaka akachoka. Kisha alisema Eldon atalitengeneza paa, na likishakwisha Carlyle aje alikague mwenyewe. Akiona kasoro, atamchukua.

Usiku ule Eldon hakulala. Angebaki na nani? Bi Ardelle alikuwa mtu wa mwisho duniani aliyelitaja jina la Merlene kila siku kana kwamba Merlene ametoka kidogo tu dukani. Alimwita kutoka upande wa pili wa kamba: Eldon, Merlene alipenda migomba ikatwe mapema; Eldon, Merlene asingekubali shati hilo. Akiondoka yeye, Merlene angekufa mara ya pili. Eldon alimpenda yule bibi, hilo niliseme wazi, kwa kuwa yeye mwenyewe asingelisema hata kwa viboko.

Akalijenga lile paa kama anajenga kanisa. Msaidizi wake alikuwa rafiki yake Quinton Foggo, mwashi hodari na mdomo mkubwa. Walitoa maji yote ya zamani, wakasugua tangi, wakaweka mawe mapya, wakapaka chokaa mara mbili. Lori la maji likaja kumwaga maji kidogo ya kuanzia, ya kufika vifundoni tu, mpaka mvua zije; ya chai na ya kupikia Bi Ardelle aliendelea kuchota kwa Eldon. Sasa likabaki jambo moja.

Paa jipya kwetu lazima liloweshwe. Mwashi mkuu hupanda juu, humsifu mwenye nyumba kwa sauti, humimina ramu nyeusi kwenye mgongo wa paa, na inayobaki hunywewa na waliofanya kazi. Hakuna mwashi wa hapa atakayekuambia anaamini mambo hayo, na hakuna atakayeshuka ngazi bila kuyafanya.

Foggo ndiye aliyeuliza, akiwa amesimama mlangoni na chokaa mpaka kwenye nyusi. "Mama, paa tunalilowesha lini?"

"Litaloweshwa na mvua," alisema Bi Ardelle, "kama Mungu anavyolowesha kila kitu."

"Hata tone dogo, Mama? Paa lenye kiu huvuja."

"Foggo, sijaona kitu chenye kiu kukushinda wewe, na bado huvuji. Sikilizeni niwaambie. Siku ramu itakapoingia nyumba hii, mimi nitatoka. Na wote mnanijua."

Tulimjua. Bi Ardelle alishawahi kuapa hatazungumza na kwaya mpaka wabadilishe wimbo, na kwaya ilibadilisha wimbo.

Eldon alijaribu kulisahau jambo lile, likakataa kusahaulika. Kila alipotazama juu aliona paa zuri lenye kiu. Ikija dhoruba, jiwe moja likacheza, Carlyle angekuwa mlangoni kabla upepo haujatulia. Jumatano, Bi Ardelle alipovaa kofia kwenda kwenye maombi, Eldon alichukua chupa yake, akaegemeza ngazi, akapanda peke yake. Akasema maneno yake. Akamimina.

Ramu nyeusi juu ya chokaa mpya! Ilishuka ikaacha michirizi ya kahawia ambayo kipofu angeiona akiwa kwenye mnara wa taa. Eldon alishuka mbio, akajaza ndoo, akapanda tena, akaanza kuosha kabla mama mkwe hajarudi. Alimwaga, akasugua, akamwaga. Michirizi ikatoka yote. Akasimama na ndoo tupu, ameridhika, ndipo aliposikia chini yake maji yakidondoka ndani ya tangi, to, to, to, kwa mwangwi.

Jana yake alikuwa amekitoa kizibo cha bomba ili kungojea mvua. Hilo ndilo jambo la kwanza mwanafunzi wa uashi hufundishwa: usiguse paa kabla hujaziba bomba. Mficha maradhi kifo humuumbua, na Eldon aliumbuliwa na ndoo yake mwenyewe. Ramu yote aliyoiosha kwa bidii ile ilikuwa imeingia nyumbani kwa Bi Ardelle.

Alisema moyoni kwamba atayatoa yale maji upesi, hayakuwa mengi. Alikuwa ameshika kamba na ndoo, mfuniko wa tangi umefunguliwa nusu, Bi Ardelle alipotokea kwenye kona ya nyumba. Mchungaji alikuwa na mafua na maombi yamekatishwa. Alimuuliza anatafuta nini humo. Eldon alisema anaangalia tu. Bi Ardelle alisema vizuri, kwa kuwa Carlyle anakuja Jumapili kukagua, na yeye anataka kutengeneza tangawizi kwa maji ya tangi lililosuguliwa. Akaingia jikoni, akafungua bomba, akajaza sufuria. Na Eldon alisimama pale na kamba mkononi, na hakumwambia.

Kesho yake pia hakusema. Alimsaidia hata kufunga chupa. Alizitazama zabibu zikizama chini na akatamani zisipande, nazo zikapanda kama kawaida.

Jumapili Carlyle alifika baada ya ibada. Bi Ardelle alikuwa ameandaa chakula cha asubuhi cha Jumapili kama inavyotakiwa: samaki mkavu wa chumvi na viazi, ndizi mbivu, parachichi, na rojo ya nyanya. Kabla ya kuketi, Carlyle alikagua. Alipanda ngazi, akatembea juu, akashuka, akagonga dari zote kwa mpini wa fagio, akainusa ile harufu ya chokaa mpya. Alitafuta kasoro kwa moyo wote, maskini, maana naye alimpenda mama yake na chumba alikuwa ameshakipaka rangi.

"Shemeji," alisema mwishowe, "hapa hata mbu hapiti. Nimeshindwa. Mama abaki."

Kwa hiyo Eldon alikuwa ameshinda. Alichotakiwa kufanya ni kula viazi vyake na kunyamaza. Bi Ardelle aliwamiminia wote tangawizi, povu likapanda, akafumba macho akashukuru kwa chakula, kwa mwanawe aliyefika salama kutoka mbali, kwa paa, na kwa mikono iliyolijenga, ambayo, alisema, ni mikono ya haki na Merlene alijua kuchagua. Akasema amina. Akainua bilauri yake.

"Mama," alisema Eldon. "Usinywe."

Bilauri ilibaki hewani. Eldon akaeleza yote, bila kujitetea, macho kwenye parachichi: Jumatano, chupa, michirizi, ndoo, kizibo. Alisema hajui ni kiasi gani kimeingia, labda hakionjeki kabisa, lakini nadhiri ni ya Mama, na mkwe hana haki ya kumvunjia. Alisema alikuwa na nafasi ya kusema toka siku ile na hakusema.

Carlyle alianza kucheka, na cheko lilikuwa limeshafika shingoni alipomwona mama yake, akalimeza. Bi Ardelle aliiweka bilauri mezani taratibu.

"Bomba hukuziba," alisema.

"Sikuziba, Mama."

"Mwashi mzima."

"Mwashi mzima."

Bi Ardelle alikipangusa kitambaa cha meza ambacho hakikuwa na kitu. "Na ulisema nini huko juu? Desturi ni kusema maneno."

Eldon alikuwa tayari kufukuzwa, hakuwa tayari kwa swali hilo. Alimtazama Carlyle, akaitazama dari. "Nilisema, paa hili ni la Ardelle Hayward. Nilisema alinipa binti yake wakati nilikuwa sina hata ngazi yangu mwenyewe. Nilisema, lisivuje siku zote za maisha yake, na siku hizo ziwe nyingi, na azikae hapa hapa. Maana mimi sina mama mwingine." Akaisogeza sahani yake kando. "Halafu nikamimina."

Bi Ardelle aliinuka, akaingia chumbani. Walisikia droo zikifunguliwa. Alipotoka alikuwa na kofia kichwani na mfuko mdogo wa safari mkononi. Wote mnanijua, alikuwa amesema.

Carlyle alisimama upesi, akatoa funguo. Alisema kwa upole gari liko tayari, na kitanda kimetandikwa. Mama yake alimpiga begani kwa mapenzi, akampita, akafungua mlango. Akashuka ngazi. Gari lilikuwa kushoto. Yeye akaenda kulia, akainama chini ya kamba ya nguo, akapita migomba, akapanda baraza ya Eldon na kuketi kwenye kiti cha Merlene, kiti ambacho hakuna mtu aliyekikalia toka mwenyewe alipokiacha. Akauweka mfuko magotini.

Wale wanaume wawili walikuwa wamemfuata mpaka kwenye kamba, midomo wazi.

"Nilisema ramu ikiingia nyumbani kwangu nitatoka," alisema Bi Ardelle. "Haya, nimetoka. Nitarudi tangi likishaoshwa na kujaa maji ya Mungu. Eldon, ninataka shuka safi. Na niletee zile chupa zangu, zote. Tangawizi iliyokwisha kulewa haiwezi kukaa nyumba ya mtu aliyeokoka."

Carlyle alimwangalia shemeji yake, akamwangalia mama yake. "Nimeendesha kutoka Southampton," alisema, "kuja kumhamisha Mama nyumba ya jirani." Kisha akarudi ndani akala samaki wa watu watatu, na hakuna aliyemlaumu.

Wiki hiyo Eldon na Foggo walilitoa maji lile tangi na kulisugua upya. Foggo alitangaza kwamba katika maisha yake hajawahi kuosha tangi lenye harufu nzuri kama hilo. Eldon alilala kwenye kochi. Bi Ardelle alilala kitandani, akapanga upya vyombo vya jikoni, akatupa sufuria moja iliyomkera, na kila asubuhi akaeleza namna Merlene alivyokuwa akikunja shuka.

Ijumaa ilipofika, Eldon aliosha chokaa mikononi, akabadili shati, kisha akasimama jikoni hajui afanye nini. Kunywa mbele ya mkwe hakuwahi. Alikuwa ameamua kuiacha Ijumaa ipite, Bi Ardelle alipomwita kutoka barazani.

"Unangoja nini? Barafu kwanza, si ndivyo? Mpaka shingoni."

Eldon alitoka na bilauri mkononi. Alimuuliza amejuaje.

"Merlene aliniambia. Ulidhani alikuwa akiniibia?" Bi Ardelle alinyoosha sketi yake. "Kila Alhamisi niliweka chupa moja karibu na mlango wa nyuma, asije akajikwaa kwenye rafu akaniangushia zote. Nadhiri yangu ilisema tangawizi haitachanganywa na ramu. Haikusema nilinde mlango." Sauti yake ikawa ndogo. "Alipokufa niliendelea kuiweka, Eldon. Kila Alhamisi. Nilikuwa nangoja uje uiibe mwenyewe. Hukuja."

Eldon alivuta kiti cha pili. Aliketi. Bi Ardelle akachukua chupa moja kati ya zile zilizolewa, akaifungua kwa mkono wake, akaimimina pembeni taratibu ili povu lisipotee, na kipande cha ndimu akakikamua yeye. Kisha akavuta mkono wake nyuma na kuukunja mapajani, maana kilichobaki hakikuwa cha kwake kugusa. Eldon akashika kijiko. Akapitisha ramu juu ya mgongo wake, nayo ikaelea, nyeusi, ikaanza kushuka uzi mmoja mmoja. Bi Ardelle aliinama karibu, akatazama mpaka mwisho.

"Kumbe ndivyo inavyokuwa," alisema. "Nzuri."

Eldon alikunywa. Ilikuwa ile ile, ya Ijumaa zote za zamani, na aliishusha bilauri kwa sababu hakuweza kuiona vizuri. Machozi yalimshuka mpaka kidevuni, mwanamume mzima, mbele ya mkwe. Bi Ardelle alitazama kando, kwenye migomba.

"Tangawizi ya mara hii nimeizidisha," alisema. "Ni kali."

"Ni kali, Mama," alisema Eldon.